Cub ya robo au Do 27 ya pundamilia: ipi uanze kuijenga kwa ramani ukiwa Arusha au Moshi

Wadau habari za leo. Kuna dogo mmoja anayejenga ndege ndogo za rimoti, yuko Moshi mitaa ya Majengo, wiki ya tatu hii ananitumia voisi na swali ni lile lile: "Bro, za foamu nimejenga nne na zote zimeruka, sasa nataka kubwa ya mbao, ya kujenga kwa ramani, nianze na Cub au nianze na ile Dornier ya pundamilia?" Mimi ni dereva wa watalii, kwahiyo nimekuwa namjibu vipande vipande usiku nikiwa Karatu au Seronera mtandao ukikubali, leo niko nyumbani nimeona niandike yote sehemu moja maana najua wapo wengine Arusha na Moshi wana swali hilo hilo. Na majibu mengi utakayokuta yameandikwa na watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari ambao balsa, ile mbao nyepesi ya kujengea ndege hizi, kwao ni kwenda dukani na kurudi. Kwetu hesabu ni nyingine kabisa.

Nikisema kubwa tuelewane kwanza. Wale wa IMAA, chama cha wapenzi wa ndege kubwa za rimoti kule Marekani, wanahesabu ndege ya bawa moja kuwa kubwa kuanzia inchi 80 ncha mpaka ncha, yaani mita 2.03, na ya mabawa mawili inchi 60, au iwe robo kamili ya ile halisi. Zote mbili tunazoongelea zinaingia humo.

Piper J-3 Cub wengi mnaijua kwa sura hata kama jina hamlijui, ile ya njano yenye mstari mweusi wa radi ubavuni. Ilitengenezwa Marekani kuanzia 1938 mpaka 1947, zikatoka karibu 20,000, engine ya kawaida farasi 65 tu. Bawa la halisi ni mita 10.74, bodi mita 6.83, kwahiyo ukiijenga robo unapata bawa la mita 2.69 na bodi ya mita 1.71.

Dornier Do 27 ni ya Ujerumani, ya miaka ya 1950, bawa mita 12, bodi karibu mita 9.6, farasi zaidi ya 270 hivi. Robo yake ni mita 3 kamili kwa bodi ya mita 2.4. Na hii ndege ni ya kwetu kwa namna nyingine, kwa sababu ndiyo waliyokuja nayo Bernhard Grzimek na mwanae Michael kuhesabu wanyama Serengeti, wakaipaka mistari ya pundamilia, namba yake D-ENTE. Tarehe 10 Januari 1959 Michael aligongana na tai angani, ndege ikaanguka, akafariki akiwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta Ngorongoro na baba yake alipofariki 1987 akazikwa hapo hapo. Mimi nasimama pale na wageni karibu kila wiki, nawaeleza habari hiyo mpaka naona kama nilikuwepo, kwahiyo sifichi kwamba Do 27 naipenda kuliko ndege yoyote. Cub nimeshaijenga na inaruka mwaka wa pili sasa. Do 27 ya robo iko mezani, bawa la kushoto limekamilika la kulia bado. Ninachosema hapa chini natoka nacho kwenye hiyo meza.

Tuanze na hewa, maana hapa ndipo watu wa kwetu wanapoumia bila kujua sababu. Uwanja wa ndege wa Kisongo, Arusha, uko karibu mita 1,390 juu ya bahari, Moshi mjini ni mita 800 na kitu mpaka 900 hivi. Hewa ya Dar siku ya nyuzi 30 ina uzito wa kama kilo 1.16 kwa kila mita ya ujazo, Moshi siku ya nyuzi 30 ni 1.05, Arusha ikiwa nyuzi 25 inabaki kama 1.0 hivi. Maana yake ni kwamba ndege ile ile, uzito ule ule, ili ibaki inashikilia hewa Arusha lazima iende haraka zaidi ya Dar kwa karibu asilimia 8, Moshi asilimia 5. Na engine ya petroli inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi kwahiyo inapoteza kama sehemu moja ya saba ya nguvu ukilinganisha na pwani. Unapoteza huku na huku kwa wakati mmoja. Ndo maana mtu anaangalia video ya ndege ya kilo 12 na engine fulani inapaa kama njiwa, anaijenga vile vile, anafika kiwanjani inakimbia majanini mpaka inaishiwa kiwanja.

Sasa weka Cub na Do 27 kwenye hewa hiyo. Cub ya robo ina eneo la bawa kama mita 1.04 za mraba, yangu ina kilo 7, kwahiyo kila mita ya mraba inabeba kilo 6.7. Do 27 ya robo ina mita 1.21 za mraba na ukijitahidi sana utatoka na kilo 11, hiyo ni kilo 9.1 kwa mita. Nimepiga hesabu za spidi ndogo kabisa kabla ndege haijaacha kushikilia hewa, kwa Arusha Cub inatoka kama kilomita 36 kwa saa, Do 27 bila flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, kama 42. Ila Do 27 ina flapu kubwa, na hii ndiyo sifa yake tangu ile ya kweli, ilitengenezwa ipae na kutua sehemu fupi. Ukizishusha hesabu inarudi kwenye 36 ile ile. Cub J-3 haina flapu kabisa. Kwahiyo kwenye kutua zinalingana, isipokuwa kwenye Do 27 umelipia hiyo spidi kwa sevo mbili za ziada (vimota vidogo vinavyosogeza vibao), bawaba, na kazi ya kuzipanga zishuke sawa, maana moja ikichelewa ndege inapinduka ikiwa karibu na ardhi ambapo huna muda wa kufanya chochote.

Dogo alipofika hapa akaniambia basi tofauti ndogo. Hapana. Tofauti kubwa iko ndani ya bawa.

Cub ina zile nguzo mbili mbili zinazotoka chini ya bodi kwenda katikati ya bawa. Do 27 haina nguzo, bawa limejishikilia lenyewe. Kwa macho Do 27 inapendeza zaidi ila fikiria mzigo. Chukua ndege ya kilo 11, ikate kona kali au itoke kwenye kuchimba chini, bawa linabeba mara 4 ya uzito, hiyo ni kilo 44, kila upande kilo 22. Mzigo wa kila upande unakaa kama sentimita 65 kutoka kwenye bodi. Unene wa bawa pale kwenye mzizi tuseme ni sentimita 5 kasoro, basi boriti ya juu inaminywa kwa nguvu ya karibu kilo 300 na ya chini inavutwa kwa nguvu hiyo hiyo. Kilo 300 kwenye kijiti cha mbao! Mtu akijenga boriti za milimita 6 kwa 6 kama alivyozoea kwenye ndege ndogo, siku ya kwanza anafanya mbwembwe bawa linakunja kama mwavuli. Mimi nimeweka 12 kwa 12 kwenye mzizi halafu zinapungua kuelekea nchani, na kati ya ya juu na ya chini kuna ukuta wa plaiwudi ya milimita 2, umegundishwa kote bila kuacha nafasi, kwa sababu bila huo ukuta boriti mbili ni vijiti viwili tu kila kimoja kinapigana peke yake.

Kwenye Cub nguzo inapokea sehemu kubwa ya huo mzigo na boriti inapumua. Ila sasa nguzo ziwe za kweli, sio pambo. Nimeona ramani ambazo nguzo zimechorwa za urembo tu na bawa limejengwa lijibebe lenyewe, na ramani nyingine nguzo ndizo zinazobeba, soma maelezo vizuri ujue yako ni ipi kabla hujaamua siku moja kwenda kiwanjani bila kuzifunga. Mwishoni kwenye nguzo mimi nimeweka vipande vya bati la chuma vilivyopigwa tundu na bolti za milimita 4 zenye nati za kujifunga.

Kitu kingine cha Cub ambacho fundi mgeni atakishukuru, bawa lake lina upana mmoja kutoka kwenye bodi mpaka karibu na ncha. Mbavu karibu zote ni saizi moja. Unachora moja kwenye plaiwudi, unaikata kwa utulivu, hiyo ndiyo mama, halafu unapanga vipande vyote kama mkate unavibana na bolti mbili unavipiga msasa kwa pamoja. Jioni moja umemaliza mbavu za ndege nzima. Na bodi yake ni fremu ya vijiti, pembeni bapa, unajenga pande mbili juu ya ramani yenyewe ukiwa umeifunika nailoni isigande na gundi, kisha unaziunganisha. Bodi ya Do 27 ile ya kweli ni ya bati, kwahiyo ukitaka ifanane lazima uivishe ngozi nzima, fremu za mviringo ndani, na kile kioo chake kikubwa cha mbele kilichotuna kama jicho la samaki, hicho kinabidi uchonge umbo la mbao kwanza halafu ulainishe plastiki kwa moto ulivute juu yake. Mimi nimeharibu plastiki mara tatu nimepata ya nne.

Sasa ramani zenyewe. Cub ndiyo inapatikana kwa urahisi kuliko karibu ndege nyingine yoyote, Outerzone pale wameweka ramani nyingi za zamani za kupakua bure na Cub za saizi mbalimbali zimo, na kampuni ya Balsa USA wana Cub ya robo na ya theluthi. Do 27 wanaoipenda zaidi ni Wajerumani, kwahiyo jiandae ramani kuwa na maandishi ya Kijerumani, sio shida kubwa, mchoro unasomeka.

Kuna wanaosema chukua ramani ya ndege ndogo uikuze. Inawezekana, ila elewa kinachotokea. Ukikuza mara moja na nusu, eneo la bawa linaongezeka mara 2.25 lakini ukikuza na unene wa kila mbao, ujazo wa mbao unaongezeka karibu mara 3.4. Uzito unakimbia mbele ya bawa. Kwahiyo ramani ikikuzwa usiikuze kila kitu, mbavu za milimita 3 zinaweza kubaki 3, ngozi inaweza kubaki ile ile, unachoongeza ni boriti, sehemu ya kufungia engine, na miguu. Hii inataka mtu ambaye ameshajenga moja akaiona inavyobeba. Kwa mtu wa kwanza nunua au pakua ramani iliyochorwa kwa saizi hiyo hiyo unayoijenga.

Na kwenye kuprinti. Sehemu zinazoprinti ramani za nyumba kwenye karatasi ya A0 zipo Arusha na Moshi pia, unapeleka PDF kwenye flashi. Ya kwangu ya kwanza nilichapiwa na mashine imewekwa ikubane ili ienee kwenye karatasi, ikatoka asilimia 97, mimi sikupima nikaenda nyumbani na furaha. Asilimia 3 unaona ndogo ila kwenye bawa la mita 2.69 ni sentimita 8, na mbaya zaidi karatasi ya pili ilitoka saizi kamili, kwahiyo bawa na bodi havikukutana, nikatupa mbavu 22. Waambie wazi, asilimia mia, wasibane. Kabla hujalipa toa futi yako upime ule mstari wa kipimo uliochorwa kwenye ramani, upime wima na mlalo.

Mbao. Balsa kwetu hupati dukani, inabidi iagizwe, na ikifika usafiri umezidi bei ya mbao yenyewe. Balsa nzuri ina uzito wa kama kilo 150 kwa mita ya ujazo, paini yetu ni 450 mpaka 500, plaiwudi inapita 600. Kwahiyo huwezi kuchukua ramani iliyoandikwa balsa kila mahali ukaweka plaiwudi ya unene ule ule, utajenga meza. Mimi nilivyofanya kwenye Cub ni hivi, balsa niliagiza kwa ajili ya mkia na kingo za mbele za bawa tu, sababu uzito wa mkia unauma mara mbili, kila gramu unayoongeza nyuma utailipa kwa gramu mbili tatu za madini ya risasi kwenye pua. Mbavu ni plaiwudi ya milimita 3 iliyotobolewa mpaka imebaki mifupa. Boriti zote ni paini.

Hapa paini na saipresi za kwetu ni mali kweli, misitu ya Meru na ile ya Kilimanjaro Magharibi inatoa mbao ambayo ukichagua vizuri inafanya kazi ya boriti bila wasiwasi. Kuchagua ndio shughuli. Nenda kwenye yadi asubuhi, waombe wakuruhusu upekue, tafuta ubao ambao nyuzi zake zimenyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho, hauna jicho hata moja, umekauka. Ubao wa mita 4 unaweza kukupa kipande kizuri cha mita moja na nusu tu, chukua, kilichobaki tengenezea stuli. Kisha umpe fundi seremala mwenye mashine akupasulie, na kabla ya kugundisha kila kijiti kipinde kwa mkono kama upinde, kinachotaka kuvunjika kivunjike mezani. Kwenye Cub unahitaji vijiti vizuri vya mita 1.3, kwenye Do 27 vya mita 1.5 na vinene zaidi, na niamini, tofauti ya hizo sentimita 20 yadi nzima inakuwa ngumu.

Gundi sina mengi, gundi nyeupe ya mbao kwa sehemu kubwa, araldaiti ile ya kukauka taratibu kwa engine na miguu na nguzo, supa gluu kwa kushikiza tu.

Kuvisha Cub ni kitambaa, na hapa fundi cherehani ni rafiki yako. Bitana ya polista, ile wanayoshonea ndani ya koti, inajikaza ukiipitishia pasi. Unapaka gundi nyeupe iliyopunguzwa na maji kwenye mbao, inakauka, unalaza kitambaa unapitisha pasi pembezoni kinashika, halafu unakaza katikati taratibu, mwisho vanishi ya maji mikono miwili mitatu kuziba vitundu. Jaribu kipande kwanza kwenye fremu ya vijiti, kuna bitana zinajikaza vizuri na nyingine zinayeyuka. Do 27 unavisha hivyo hivyo juu ya ngozi ya mbao, halafu mistari ya pundamilia unapiga kwa mkono, na hapo chukua picha za ndege yenyewe, usichore pundamilia wa kichwani mwako.

Engine nimeshasema petroli inapoteza nguvu huku juu. Umeme haupumui hewa, mota inabaki na nguvu zake, kinachopungua ni propela kushika hewa, na hapo unafidia kwa kuweka propela kubwa kidogo. Kanuni ninayotumia ni wati 200 kwa kila kilo, kwahiyo Cub ya kilo 7 inataka wati 1,400 na Do 27 ya kilo 11 inataka 2,200 au zaidi. Kwa petroli Cub inaenda na cc 20 mpaka 26, Do 27 ni cc 50 au 55.

Kwa Cub mimi naenda na petroli bila kusita. Petroli iko kila sheli, oili ya tu-stroku iko kila duka la spea za pikipiki, tenki la mililita 350 linakurusha zaidi ya dakika 15 na ukimaliza unajaza unaruka tena siku nzima. Kabureta zake nyingi ni za aina ya Walbro, zina sindano mbili L na H, na engine iliyopangwa pwani ikifika Arusha inakunywa mafuta mengi mno kwa hewa iliyopo, inatoa moshi na kukohoa, unakaza H kidogo kidogo, robo ya robo ya mzunguko, mpaka isafishe sauti, halafu unarudisha kidogo. Wapo wanaotumia engine ya mashine ya kukatia majani, na inafanya kazi, unatoa klachi na makava, ila ile habu ya kufungia propela ichongwe kwenye mashine ya leth na mtu anayejua kunyoosha senta, Unga Limited utawapata, usikubali ya kuchomelea. Propela ya inchi 18 ikizunguka mara 7,000 kwa dakika na habu imepinda nusu milimita itatikisa ndege mpaka sevo zife. Na weka swichi ya kuzimia plagi nje ya bodi ambapo mkono wa mtu mwingine pia unaweza kufika.

Kwa Do 27 naona umeme una hoja nzito zaidi, pua yake ni ndefu na ina nafasi ya betri mbele kabisa ambako uzito unahitajika. Shida ni kuzipata. Betri ya lipo ya seli 6 ina volti 22.2, na sheria za mashirika ya ndege ni kwamba mpaka wati-saa 100 abiria anabeba kwenye begi la mkononi, kati ya 100 na 160 mpaka shirika likubali, zaidi ya hapo hapana. Seli 6 ya 5000 mAh (kiasi cha chaji inachobeba) ni wati-saa 111, imeshavuka. Seli 6 ya 4500 ni 99.9, inapita. Kwahiyo mwambie shemeji anayekuja likizo akuletee mbili za 4500, unaziunganisha zinakuwa seli 12, unapata dakika 10 hivi za kuruka kwa utulivu. Halafu za kurudia zichajiwe na nini porini? Labda uwe na jenereta. Hapo ndipo mimi bado nimekwama kuamua, ila mkono unaelekea kwenye umeme.

Kubeba. Cub bawa vipande viwili vya mita 1.3 na kitu, bodi 1.7, inaingia kwenye Noah ukilaza siti za nyuma. Do 27 ya robo ina bodi ya mita 2.4, ndugu yangu, hiyo ni pikapu au juu ya keria ya Land Cruiser, na juu ya keria kwa barabara ya vumbi sikushauri. Kama huna gari la kufaa lakini roho iko kwa pundamilia, ijenge moja ya tano, bawa mita 2.4 bodi 1.9, engine ya cc 26 inatosha, ila eneo la bawa linabaki mita 0.78 za mraba kwahiyo ikizidi kilo 6.5 imeshakuwa nzito kwa hewa ya Arusha. Moshi ina nafuu kidogo.

Kiwanja na ruhusa hapa zote mbili ni sawa. Ndege ya kilo 7 inayoongozwa kwa rimoti ni ndege, TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wana kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2018, nenda ukawaulize kabla hujakata ubavu wa kwanza. Kaa mbali na Kisongo, mbali na KIA, mbali na uwanja wa Moshi, na ndani ya hifadhi usiote. Mashamba yaliyovunwa na malisho upande wa Monduli au Sanya yanafaa, unamwona mwenyekiti wa kitongoji na wazee wenye ng'ombe, unawaonyesha ndege, watoto wanapewa sehemu ya kukaa nyuma yako. Ruka asubuhi kabla ya saa 4, baada ya hapo kiangazi vile vimbunga vya vumbi vinaanza kutembea na nimeona kimoja kinageuza Cub ikiwa imepaki. Kwenye upepo wa kawaida Do 27 inatulia zaidi kwa uzito wake, Cub inachezewa, hilo nalikubali. Na angalia mwewe na tai. Ukimwona anazunguka juu ya kiwanja, shuka, subiri aondoke. Mimi nikikumbuka lile kaburi la Ngorongoro sina mjadala na hilo.

Kwahiyo dogo, jibu lako. Wewe umejenga za foamu, hujawahi kuvisha bawa la mita wala kuchagua ubao wa boriti, una sevo tano tayari na Cub inataka tano, sita ukiamua kila upande wa mkia uwe na yake, Do 27 inataka saba au nane na zote ziwe za nguvu ya kilo 10 kwenda juu. Jenga Cub ya robo, petroli cc 26, propela 18x6, balansi yake kati ya sentimita 10 na 12 kutoka ukingo wa mbele wa bawa, anzia na 10. Kama ungekuwa umeshajenga moja ya mbao ikaruka msimu mzima, na una pikapu, ningekwambia usipoteze muda na Cub nenda Do 27 moja kwa moja, maana kwa viwanja vyetu vifupi na hewa hii nyepesi zile flapu na lile bawa pana zinafaa sana. Na kama ni mtu wa Arusha hujajenga kubwa hata moja halafu umeng'ang'ania Do 27, basi moja ya tano, na uzito uupime kila wiki kwenye mzani wa jikoni na kuandika.

Ramani ukiprinti usikate chochote. Jumamosi ya tarehe mbili nashuka Moshi kupeleka wageni, nitapita Majengo jioni na futi yangu ya chuma, tuupime ule mstari pamoja.